Kaburi la Upande wa Kushoto

Simu ya Gesare ilinikuta Ogembo, kwenye foleni ya chanjo ambayo haikuwa na chanjo.

Tulikuwa tumeambiwa tuje Ijumaa hiyo, sisi tuliodungwa sindano ya kwanza mwezi wa tatu, ili tumalizie ya pili. Tukaja. Wazee, walimu, akina mama wa ndizi ambao soko lao lilikuwa limefungwa kwa amri. Tulikaa juani tangu asubuhi, barakoa ziko chini ya kidevu, kisha akatoka msichana wa kituo akasimama kwenye ngazi na kusema dawa imeisha, turudi tutakapoitwa.

"Imeisha au haikuja?" akauliza mwalimu mmoja mstaafu.

"Haikuja."

"Basi sema haikuja. Kitu ambacho hakikuja kitaishaje?"

Mama mmoja akasimama na kikapu chake kitupu. "Soko mmefunga, sindano hamna. Sasa mnataka tufe na gani, njaa au korona? Chagueni moja mtuambie, tujipange."

"Mimi nimechanjwa nusu," mwingine akasema nyuma yangu. "Ikija nitaiambia ishike mguu wa kushoto tu, ule wa kulia ni wa serikali."

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Kuna aliyeanza kutikisa lango, na askari wa kituo akashika rungu lake vizuri. Hapo ndipo simu ikalia.

Gesare ni binti wa kaka yangu Machogu. Ameolewa Nyamira, ila wiki hizo alikuwa Tabaka nyumbani kwa wazazi wake, akiangalia boma, kwa sababu wazazi wote wawili walikuwa wamechukuliwa na gari la hospitali siku moja. Machogu na mkewe Orpah. Walilazwa mjini Kisii, katika wodi ambayo mtu wa nje haingii, na sisi tukabaki kuishi kwa simu.

"Tatamoke," aliniita. Ndivyo tunavyomwita ndugu mdogo wa baba. Kisha akalia muda mrefu kabla ya kusema lingine. "Baba ametuacha."

Sasa, wewe usiye wa kwetu, shika hapa vizuri. Kwa Kikisii baba ni mama. Yule mwanamume tunamwita tata. Mimi nimezunguka nchi hii miaka mingi nikiuza vinyago vya mawe ya Tabaka, na neno hilo limenipiga zaidi ya mara moja. Voi niliwahi kuwaambia watu hotelini kwamba baba yangu alinizaa kwa shida sana, siku mbili za uchungu, na mtu mmoja akamwaga chai kwa kucheka. Lakini nikiongea na Gesare hakuna cha kuchanganya. Baba ni Orpah. Niliondoka kwenye foleni nikijua shemeji yangu amekufa.

Nilimchukua Bravin, kijana wa bodaboda ambaye hunibeba, tukapita njia za ndani. Njia nzima nilikuwa nikishangaa jambo moja. Orpah alikuwa amedungwa ile sindano ya kwanza pamoja nami, siku moja. Aliyekataa ni Machogu. Kaka yangu amechonga mawe tangu ujana wake, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani hata kikohozi chake tulikijua kama tunavyojua kengele ya kanisa. Alisema mapafu yake yameshageuka jiwe, huyo mdudu akija atavunjika meno. Alipoanza kukohoa zaidi hakuna aliyehesabu. Tabaka nani hakohoi? Na Orpah alipolazwa alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe kwenda kwenye gari, akimshika mumewe mkono.

Lakini ugonjwa huo ulikuwa umeshatuonyesha maajabu.

Nilipofika bomani wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba. Kaburi lilikuwa limepigwa kamba upande wa kushoto wa nyumba, ukitokea mlangoni, kwa sababu huko ndiko mwanamke hulazwa. Mwanamume hulazwa kulia. Udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa hadi kwenye kuta za jikoni. Aliyesimamia ni Obadiah, mzee wa kanisa, binamu yetu, amevua koti na kukunja mikono ya shati.

"Umekuja," aliniambia. "Vizuri. Shika jembe, au shika kiti, lakini usisimame njiani."

"Haraka ni ya nini?"

"Naibu wa chifu amepita. Gari la hospitali linaleta mwili alasiri. Hakuna kulaza ndani, hakuna kufungua mfuko, watu wachache tu. Tena leo ni Ijumaa. Jua likizama ni Sabato, na kesho hatuziki. Kwa hiyo likifika gari, shimo liwe tayari."

Nilimpita nikaingia ndani. Gesare alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kochi, leso ya mama yake mabegani. Nilikaa karibu naye. Nikauliza tu, kama mtu anavyouliza msibani.

"Walikuambia vipi?"

"Walipiga asubuhi. Wakasema, Gesare, pole sana, baba ametuacha alfajiri. Tutaleta mwili leo."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Nesi si Mkisii, Tatamoke."

"Na akasema baba."

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga. "Si ndivyo tunavyosema naye. Siku ya kwanza nilimuuliza habari ya baba, akanipa habari ya tata. Tukazungushana hivyo mpaka tukacheka wote wawili. Nikamfundisha: kwetu baba ni mama, tata ni baba. Tangu siku hiyo amenishika maneno. Akipiga anasema, leo baba amekunywa uji, tata bado yuko kwa oksijeni. Ni kijana mzuri. Ni wa Kitui."

"Na leo ni yeye aliyepiga? Huyo wa Kitui?"

Alijipangusa pua kwa leso. "Leo ilikuwa sauti ya mwanamke."

Alilisema na halikumgusa. Aliendelea kuitazama sakafu.

Mwanamke yule, huyo nesi mwingine, nani alimfundisha? Kama alifundishwa, Orpah amekufa. Kama hakufundishwa, basi alisema baba kama watu wote wa nchi hii wanavyosema, na aliyekufa ni kaka yangu.

"Nipe simu yako," nikasema.

Nilitoka nyuma ya nyumba. Namba ya yule wa Kitui ilikuwa imezimwa. Ile iliyopiga asubuhi iliita mpaka ikakata, nikapiga tena, ikaita, ikakata. Nje niliyasikia majembe, na Obadiah akiwaambia wanyooshe ukuta wa shimo.

Ningefanya nini? Nirudi ndani nimwambie binti wa watu, nyamaza, huenda mama yako yu hai, ila kama yu hai ni baba yako aliyekufa? Nimpe mmoja na kumnyang'anya mwingine kwa mdomo uleule, na wakati huohuo sina hakika? Na mimi mwenyewe, pale nyuma ya nyumba, nikajikuta nachagua. Sitasema nilimchagua nani. Nilijionea haya nikaacha.

Nilimrudishia Gesare simu, nikaenda kwa Obadiah.

"Wapumzishe watu kidogo."

"Wapumzike kwa nini?"

"Nataka kwenda mjini kwanza. Nimwone mwenyewe."

"Hawatakufungulia. Mfuko haufunguliwi."

"Hata hivyo. Msiendelee mpaka nipige simu."

Obadiah alisimamisha jembe, akaliegemea. "Obwocha. Wewe ni mtu wa kuja na kwenda, na hatukulaumu, kila mtu na miguu yake. Lakini leo usitupangie. Ukitaka kwenda nenda. Jua halitakungoja, na sisi hatutakungoja."

Ningemwambia. Lakini Gesare alikuwa amesimama mlangoni, na watu wote walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Kwetu shimo la kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Lazima kitu kilale ndani. Na kama Orpah yu hai, kila jembe lililoshuka pale lilikuwa linamchimbia mtu anayepumua. Sikuweza kulisema hilo mbele ya mtoto wake. Nikamwambia Bravin awashe pikipiki.

Suneka polisi walikuwa wameziba barabara. Wachuuzi walikuwa wamepanga ndizi kando ya lami, nje ya soko lililofungwa, na askari wanawafukuza, nao wanasogea kidogo na kurudi.

"Mzee, barakoa juu," akasema askari mmoja. "Unatoka wapi?"

"Tabaka."

"Unaenda wapi?"

"Hospitali. Kuona maiti."

"Ya nani?"

"Ndiyo naenda kuuliza."

Alinitazama usoni kuona kama namchezea. Mama wa ndizi aliyekuwa karibu akasema, "Mwache mzee wa watu apite, afande. Kama unataka mtu wa kushika tushike sisi, angalau huko seli kuna chakula." Wenzake wakaguna. Askari akageuka kumjibu, na Bravin akapenya.

"Hao karao leo wamewaka," Bravin akasema. Mimi nilikuwa nikilitazama jua.

Lango la hospitali lilikuwa limejaa watu. Kila mtu alikuwa na mtu wake ndani. Mwanamume mmoja wa suti alikuwa akimwonyesha bawabu simu yake, akisema anamjua fulani na fulani. Bawabu alikuwa kijana aliyechoka, macho mekundu.

"Mzee, hata wewe hapana," akaniambia kabla sijafungua mdomo.

"Siombi kuingia. Niambie tu nani amekufa kati ya watu wawili. Machogu au Orpah. Wa Tabaka."

"Mimi ni wa lango. Mambo ya wodi siyajui. Subiri nesi wa zamu atoke."

"Atatoka saa ngapi?"

"Akitoka utamwona."

Nilisimama hapo nikimsubiri mtu ambaye hata simjui. Kisha nikaona watu wawili wanaachana na msongamano, wanafuata ua kwenda nyuma. Nikawafuata. Huko nyuma ua wa waya ulipita karibu na jengo la wodi, karibu kiasi cha kurushia mtu chungwa, na madirisha yalikuwa ya vile vioo vya vipande vinavyofunguka. Watu walisimama kwenye waya wakiita majina. Mwanamke mmoja alikuwa akimwimbia mtu wimbo wa kanisa, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto. Dirishani mkono ulitokea ukampungia.

Nilishika waya. Sasa nilitakiwa kuita, na sikujua niite nani. Nikimwita Orpah na akanyamaza, je, ni kifo au ni usingizi? Nikamwita wa damu yangu kwanza.

"Machogu."

Hakuna kitu. Nikapaza sauti.

"Machogu. Machogu wa Tabaka."

Yule mwanamke aliacha kuimba akanitazama. Niliita tena mara nyingi, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Nikanyamaza kupumzika, na katika kunyamaza huko nikasikia vioo vya dirisha la pembeni vikifunguka kwa shida.

"Unamwita nani, Obwocha?"

Alikuwa Orpah. Amekonda, kitambaa kichwani kimelegea, na mkono mmoja ameshika nondo za dirisha ili asianguke. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwita kwa jina lake. Siku zote ni Mama Gesare. Siku hiyo nililitamka mbele yake.

"Orpah."

"Hamkuambiwa?" akasema. Alikuwa akivuta pumzi katikati ya maneno. "Alikufa alfajiri. Vitanda vyetu vilikuwa vimekaribiana hivi. Nilikuwa nimemshika mguu kupitia kwa shuka. Walisema wamewapigia."

"Tulipigiwa."

"Basi mbona unamwita?"

Nilisema tu, "Tuliambiwa vibaya. Walimwambia Gesare baba."

Alifikiri kidogo.

"Mkajua ni mimi."

"Ndiyo."

"Yule kijana wa Kitui hayuko. Amepata ugonjwa yeye mwenyewe, wamempeleka nyumbani." Alikohoa, akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akasubiri kikohozi kiishe. "Mmeanza kuchimba?"

"Wameanza."

"Upande gani?"

Nimewahi kuwadanganya polisi, wateja na wenye nyumba za kupanga. Hapo ulimi ulikataa.

"Wa kushoto."

"Limefika wapi?"

"Nilipotoka lilikuwa magotini. Sasa sijui."

Nyuma yake nilisikia chuma kikigonga chuma, na mtu akiomba maji.

"Gesare anamlilia nani sasa hivi?" akauliza.

"Anakulilia wewe."

"Mpigie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, nikaingiza mkono wote kwenye tundu la waya mpaka begani, simu ikielekea dirishani.

"Tatamoke," Gesare akasema. "Gari limetoka?"

"Gesare," mama yake akamwita.

Kisha ikaja kelele ambayo sijui niilinganishe na nini, akaita baba, baba, baba, akicheka na kulia, na nyuma yake nikayasikia majembe yakisimama moja moja. Mtu akauliza kuna nini. Gesare akawaambia kwa Kikisii kwamba mama yake yu hai, anaongea, ni yeye kwenye simu. Wanawake wakapiga vigelegele hapo bomani. Orpah alikuwa amefumba macho akisikiliza. Wala hakuwakatiza.

Gesare ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Nilisikia vigelegele vikiendelea nyuma yake.

"Tatamoke," akasema polepole. "Na tata?"

Nilimtazama Orpah. Alitingisha kichwa kwamba ni langu kulisema.

"Ni tata, mwanangu."

Simu ilianguka chini, niliisikia ikigonga. Vigelegele vikafa. Obadiah akaiokota. Nilimjua kwa pumzi yake.

"Obwocha. Ni kweli?"

"Niko naye hapa. Ni Machogu aliyekufa."

"Tumeshafika kifuani."

"Acheni hilo. Pimeni upande wa kulia, muanze sasa."

"Jua litatushinda."

"Ongeza watu. Ita vijana wa machimbo, wao wamezoea kuvunja mwamba. Hawatashindwa na udongo."

Akavuta pumzi. Hakuwa na kejeli tena. "Na hili la kushoto? Haliwezi kufukiwa tupu, unajua."

"Kateni mgomba mlaze humo. Mfukie kabla mwili haujafika."

Nilisahau kwamba mkono wangu bado uko ndani ya ua na sauti iko nje, na kwamba mwenye shimo lenyewe amesimama hapo anasikia kila neno.

"Mwambie asikate ule wa kando ya jikoni," Orpah akasema. "Una ndizi changa. Akate mmoja wa kule chini mtoni, hiyo imezeeka."

"Nimesikia, Mama Gesare," Obadiah akajibu. "Wa kule mtoni."

"Na mkishafukia, mtandaze majani ya ndizi juu, muyasambaze mpaka kwenye njia ya choo. Nikirudi nisijue lilikuwa wapi."

"Tutafanya hivyo."

"Gesare akae na mtu. Asikae peke yake chumbani."

"Yuko na wanawake."

Nilikata simu. Mkono ulikuwa umechubuka na waya. Bawabu alikuwa amezunguka akatufikia, akaanza kuwaambia watu watoke hapo nyuma, hairuhusiwi, wamewaambia mara ngapi. Hakuna aliyesogea. Yule mwanamke akaendelea kuimba pale alipoachia.

Orpah alikuwa bado dirishani. Nilimwona anatazama juu ya kichwa changu, kuelekea upande wa lango. Nikageuka. Gari jeupe lilikuwa linatoka kinyumenyume kutoka jengo la nyuma, wanaume wawili wa mavazi ya plastiki wamekaa mbele, na bawabu mwingine anawasukuma watu wapishe njia.

"Ni hilo," akasema.

"Unajuaje?"

"Nimelitazama tangu asubuhi wakilipakia. Yuko na watu asiowajua huko ndani. Nenda, Obwocha. Usimwache afike nyumbani na wageni."

Sikumuaga. Nilikimbia, kwa jinsi mzee anavyoweza kukimbia, nikimwita Bravin awashe pikipiki kabla gari halijafika barabarani.